Kadi Kumi na Nne za Dokta Vidosava

Kwa miaka ishirini na sita Dokta Vidosava Ristanović alipanda kilima cha hospitali kila asubuhi, na katika mji mzima wa Lipovik hakuna aliyewahi kumcheka mbele ya macho yake. Siku walipomcheka, mtaa mzima ulimcheka kwa pamoja. Yeye mwenyewe husema kwamba kama angekuwa na uwezo wa kuchagua siku moja ya kazi yake ya kuwekea fremu ukutani, angechagua hiyo.

Alizaliwa kwenye kibanda cha reli, mtoto wa mlinzi wa kizuizi cha treni. Baba yake alikuwa mtu wa chama cha kikomunisti, na enzi zile mtu wa chama hakuwasha mshumaa mbele ya picha ya mtakatifu. Nyumba nyingine zote zilikuwa na slava, siku ya mtakatifu wa nyumba, ambayo mtoto hurithi kwa baba yake kama anavyorithi jina. Kwao siku hiyo ilipita kama siku ya kufua nguo. Mama yake alikanda mkate kama kawaida, ila siku hiyo alikanda bila kuimba, na Vidosava, aliyekuwa mtoto wa kutazama kuliko kusema, aliliona hilo mwaka hadi mwaka asijue maana yake.

Pale kibandani alikuwa akija mama mmoja wa kijiji cha jirani, amevaa kitambaa cheusi, kumsubiri mwanawe ashuke kwenye treni ya jioni. Mwanawe alikuwa amekufa miaka sita nyuma, na kila mtu alijua. Watoto walimcheka. Mama yake Vidosava hakumcheka wala hakumwambia kwamba mtoto haji. Alimmenyea tufaha, akamkatia vipande vidogo kwa sababu ya meno yake, wakala pamoja hadi treni ikapita. Baada ya hapo yule mama aliaga akaenda zake, ametulia.

Vidosava alipokwenda Belgrade kusomea udaktari, akasema anataka magonjwa ya akili, wenzake waliangua kicheko.

"Ukakae na vichaa? Utaolewa na nani wewe? Na yule anayejiita mfalme?"

"Heri huyo mfalme," alijibu, "kuliko wewe unayejiita daktari."

Aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye masikio makubwa, wakahamia Lipovik. Siku ya kwanza alipoingia wodi ya wanawake alikuta wote wamenyolewa, wote wamevaa kanzu za kijivu kutoka kabati moja. Leo kanzu hii kavaa huyu, kesho yule. Alikwenda kwa mtunza stoo akaomba vitana arobaini.

Mtunza stoo akamkazia macho. "Vitana? Wachane nini, dokta? Upara?"

"Nywele zitaota," alisema Vidosava. "Kuanzia leo hanyolewi mtu."

Vitana havikutoka stoo. Alivinunua sokoni, akakaa na wanawake wale kitandani, na kwa rangi ya kucha akaandika jina la kila mmoja kwenye kitana chake. Mmoja alikuwa Stamena, mwanamke wa mashambani mwenye mikono mipana, ambaye hakuwa amesema neno tangu msimu wa kuvuna. Alikigeuza kile kitana, akasoma jina lake, akasema, "Wameliandika vizuri." Muuguzi aliyekuwa mlangoni alikimbia kuwaita wengine.

Binti wa Vidosava alijifunza kutembea kwenye korido ya wodi ya tatu, ameshika vidole vya wagonjwa. Mjini walisema mama gani huyo. Vidosava hakuwa mtu wa kugombana na mji. Alisema tu, "Amejikwaa nyumbani mara kumi. Kule hajaanguka hata mara moja."

Ilipofika miaka ya vita na vikwazo, mganga mkuu wa hospitali alihama, na kiti chake kikakaa bila mtu kwa sababu hakuna aliyekitaka. Mafuta ya kupasha joto hayakuwepo. Vidosava akakalia kile kiti, na kitu cha kwanza alichofanya akiwa mganga mkuu ni kutafuta mashoka. Wodi nne akaziunganisha kuwa mbili ili watu wapashane joto, halafu wauguzi, wapishi na wagonjwa wenye nguvu wakaingia msituni kukata kuni, naye mbele yao amevaa buti za mumewe. Mwanamume mmoja, Radoje, aliyekuwa fundi wa mapipa kabla ya ugonjwa, alimnyang'anya shoka.

"Unapiga kama unaua nyoka," alimwambia. "Hebu tazama mti umelala upande gani."

Majira yale ya baridi hakufa mtu hata mmoja. Hospitali nyingine hazikuweza kusema hivyo.

Kila Alhamisi aliingia kwenye gari lake kuukuu la Zastava akaenda vijijini. Alikuwa amegundua kwamba mtu hawezi kuulizwa habari za usingizi wake mlangoni. Lazima uketi jikoni, kahawa ichemke, usifu mbwa. Aliwakusanya wauguzi wa zahanati katika ukumbi wa zimamoto akawafundisha hivyo hivyo. Chama cha madaktari wa mkoa kilimchagua kuwa mwenyekiti, kisha kikamchagua tena. Walimpa na bamba zito la shaba lenye jina lake, ambalo hadi leo linazuia dirisha la jikoni kwake lisijifunge kwa upepo.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko mabamba. Wagonjwa wengi waliokuwa kule juu hawakuwa wagonjwa tena. Walipona, wakabaki, kwa sababu ndugu walikwisha kuuza ng'ombe, kugawana vyumba, na kuzoea kutowakumbuka. Radoje alikuwa na miaka ishirini na miwili pale. Dada yake alimletea soksi kila Krismasi, akaziacha getini.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, Vidosava alipata kibali cha kuwakodia watu sita nyumba mjini. Radoje alikuwa mmoja wao, na Stamena, na kijana Ljubinko aliyekuwa na utani kwa kila jambo, na wengine watatu wapole. Nyumba ilikuwa Mtaa wa Mizabibu, yenye ua na mti wa mkwiji, wenye matunda ya njano kama tufaha. Kibali kilikuwa cha majaribio ya mwaka mmoja tu. Mwisho wa Novemba halmashauri ya mji ingekaa na kuamua: wabaki, au warudi juu.

Na kabla hata kuta hazijapakwa chokaa, barua ya malalamiko ilishafika halmashauri, ina saini thelathini na moja. Juu kabisa palikuwa na saini ya Grozdana, mkatisha tiketi wa basi mstaafu, ambaye sauti yake ilisikika kutoka kona hadi kona bila yeye kujitahidi. Hakuna aliyewafanyia wale sita ubaya. Walipopita, mazungumzo yalikatika, na akina mama waliwaita watoto waingie ndani. Kwa miezi kumi hakuna jirani aliyevuka geti lao.

Oktoba ilipofika Vidosava alikuja jikoni kwao na wazo.

"Tufanye slava," alisema. "Nyumba isiyo na slava watu huiona kama stesheni. Nami nimefikiria mtakatifu gani. Watakatifu Waganga, wale wawili waliotibu watu bila malipo. Siku yao ni Novemba kumi na nne."

Alitegemea wafurahi. Walitazamana. Radoje alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Hao ni wa madaktari, dokta," alisema. "Waweke kule juu hospitali. Sisi hapa hatuumwi. Tunakaa."

Vidosava alisikia masikio yake yakipata moto. Miaka yote hiyo, na bado alikuwa amewaletea mtakatifu wa dawa.

"Basi nani?" aliuliza.

"Mkubwa hapa ni mimi. Kwetu ni Mtakatifu Dimitrije, Novemba nane. Mtoto wa kiume sina, ikikatika kwangu imekatika. Miaka ishirini na miwili sijamwashia mshumaa. Atakuwa amenikasirikia."

"Mtakatifu hakasiriki," alisema Stamena bila kuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Aliyekasirika ni dada yako."

"Na yeye anakasirika kwa niaba ya watakatifu wote," aliongeza Ljubinko. Radoje akacheka hadi akakohoa.

Ikawa hivyo: Novemba nane, mwenye nyumba Radoje. Stamena akaanza kuhesabu mayai ya mkate. Vidosava akarudi ofisini amejaa furaha, na hapo ndipo alipoharibu.

Yeye alikuwa mtu wa kupanga. Aliyeongoza hospitali wakati hakuna sabuni wala mkate hawezi kuacha jambo lijiendee. Akachukua karatasi ngumu nzuri, akakata kadi kumi na nne, moja kwa kila nyumba ya mtaa, akaandika kwa mkono wake: *Mnakaribishwa kwa heshima kwenye slava ya nyumba namba tisa, kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa na nusu. Tafadhali tujulisheni idadi yenu.* Na ili zisionekane za mzaha, kila moja akaigongea muhuri wa duara wa hospitali. Asubuhi akazitumbukiza mwenyewe kwenye visanduku vya barua.

Kabla ya saa sita Grozdana alikuwa getini. Hakuingia. Alisimama nje na kadi ameishika kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa.

"Dokta! Dokta, njoo hapa. Hii ni nini?"

"Mwaliko, jirani. Wa slava."

"Mwaliko wa slava." Grozdana alilirudia polepole, akageuka kumtazama jirani wa pili aliyekwisha kutoka na ufagio ili asikie vizuri. "Una miaka mingapi, dokta, kama si vibaya kuuliza?"

"Hamsini na tisa."

"Miaka hamsini na tisa, amesoma hadi vitabu vimeisha, na anaalika watu slava! Kwa muhuri! Saa saba mpaka saa tisa na nusu, halafu nini, mnatupa dawa tunalala?"

Mwenye ufagio alishindwa kujizuia.

"Slava haalikwi mtu, dokta," alisema Grozdana. "Mshumaa unawaka, anayejua anakuja, anakaa mpaka achoke. Ukimwalika mtu umemwambia kwamba bila kadi asingekaribishwa. Hata bibi yangu asiyejua kusoma alilijua hilo. Kwenu hamkuwa na slava?"

"Hapana," alisema Vidosava. "Kwetu hatukuwa nayo."

Alilisema wazi, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeulizwa mbele ya darasa. Grozdana aliondoka na kadi yake.

Vidosava aliingia jikoni akaketi. Zilikuwa zimebaki wiki nne kabla ya halmashauri kukaa, na alikuwa ameupa mtaa sababu ya kukaa nyumbani kwa haki kabisa. Asiyealikwa angeweza kuja. Aliyealikwa vibaya asingekuja.

"Nimewaharibia," alisema. "Nisameheni. Nimewaharibia kabisa."

Radoje alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alikwenda kwenye msumari, akachukua koti lake, akalifunga vifungo vyote hadi cha shingoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Vidosava.

"Kuzirudisha."

"Kuzirudisha vipi?"

"Kadi. Nitagonga nyumba hadi nyumba, niziombe."

Kwa miaka ishirini na miwili Radoje hakuwahi kugonga mlango wa mtu. Hata dukani alikwenda na Stamena. Vidosava alisimama. "Ngoja nije nawe."

"Usije, dokta. Ukija watadhani umenileta."

Akatoka. Walimwona kupitia dirishani, mgongo wake mpana, akisimama mbele ya nyumba ya kwanza. Akavua kofia. Akagonga. Mlango ukafunguka nusu, wakaona mdomo wake ukienda, kisha mlango ukafunguka wote. Baadaye akawapotea kwenye kona. Dakika zikapita, na nyingine. Vidosava alikuwa amesubiri matokeo ya mitihani, amesubiri binti yake apone homa ya uti wa mgongo, na amesubiri lori la unga lipite daraja lililopigwa mabomu. Alisema baadaye kwamba kusubiri kule kote hakukumfundisha kitu cha kumsaidia siku ile.

"Kaa, dokta, unachakaza sakafu," alisema Stamena.

Kutoka mahali fulani chini ya mtaa kikasikika kicheko, cha watu wengi, kikubwa. Vidosava akafumba macho.

Radoje alirudi saa mbili baadaye. Alikuwa na kadi kumi na tatu mfuko mmoja, na chini ya kwapa chupa ya pilipili nyekundu za kusaga.

"Grozdana hatoi yake," alisema. "Anasema ataitunza awaonyeshe wajukuu."

"Walikuwa wanacheka," alisema Vidosava.

"Walikuwa wanakucheka wewe." Alivua koti. "Nimewaambia samahani, kadi zimetoka kwa makosa, daktari wetu hakukulia na slava, hajui, msimchukulie vibaya. Tunamfundisha polepole."

Ljubinko aliteleza kwenye kiti akakaa sakafuni kwa kucheka.

"Nao wakasemaje?" aliuliza Vidosava.

"Wanakuonea huruma. Mama wa namba nne amesema, maskini, ndiyo maana anafanya kazi sana. Nimekunywa kahawa nyumba tatu. Usiniangalie hivyo, niliomba isiwe kali." Akaweka ile chupa ya pilipili mezani kwa uangalifu. "Nimewaambia simwaliki mtu. Mshumaa nitauwasha Novemba nane."

Usiku ule mumewe alimkuta Vidosava anacheka peke yake huku anasuka nywele, na alipomuuliza kulikoni hakuweza kumweleza vizuri.

Siku ya Mtakatifu Dimitrije ilikuwa na ukungu. Padri alikuja asubuhi, mkate wa Stamena ukakatwa msalaba na kumwagiwa divai, padri na Radoje wakauzungusha mikononi na kuumega. Mshumaa ukawashwa. Ngano iliyochemshwa na kusagwa na njugu za jozi ikawekwa karibu na mlango, na vijiko. Radoje alivaa suti ya mumewe Vidosava, fupi mikononi, akasimama karibu na meza. Mwenye slava haketi. Mpaka mgeni wa mwisho aondoke, yeye husimama.

Saa saba hakuja mtu. Saa nane hakuja mtu. Sarma, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi, ilipashwa moto mara ya pili. Ljubinko aliacha kutania, na hilo lilimtisha Vidosava kuliko kitu kingine. Alimtazama Radoje kwa jicho lile alilomtazamia mgonjwa maisha yake yote, akitafuta dalili, akaona mwenye nyumba tu, anayenyoosha kona ya kitambaa cha meza.

Ndipo geti likalia. Ni Grozdana, na kahawa nusu kilo na sukari, amevaa hereni.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," alisema, akachota kijiko cha ngano, akafanya ishara ya msalaba, akatafuna akiangalia juu kama anayepima. "Nani kapika hii?"

"Mimi," alisema Stamena.

"Jozi umeweka nyingi. Vizuri. Hawa wa siku hizi wanabania."

Aliketi. Nyuma yake alikuwa mama wa namba nne, na mumewe, na mzee wa kona na fimbo yake, na baadaye Vidosava hakuweza tena kuwahesabu. Viti vikaisha. Grozdana akatoka nje akapaza ile sauti yake ya basi, "Jamani, njooni na viti!" na watu wakaja wamebeba viti vichwani. Walikula, wakabishana habari za kabichi na za serikali. Mtoto wa mtu alilala mapajani mwa Stamena, na mama yake alipomwona alikaribia kunyanyuka, kisha akakaa, akaendelea kula.

Vidosava aliona sahani tupu zimerundikana. Akasimama, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuzikusanya.

"Dokta," alisema Radoje, mbele ya watu wote. "Weka chini."

"Nasaidia tu."

"Weka chini, ukae. Hapa wewe ni mgeni wangu."

Watu waligeuka kuona mganga mkuu atafanyaje. Aliweka sahani. Aliketi. Radoje akaja upande wake, akammiminia supu taratibu, asimwage hata tone, akangoja hadi alipoonja. Vidosava alikunywa supu ile akiwa ameinamisha kichwa, na Grozdana, aliyekuwa jirani yake, alimsogezea chumvi ingawa hakuiomba.

Radoje alisimama kwa muda wa saa tisa nzima.

Halmashauri ilikaa tarehe ishirini na nane. Katibu alisoma ile barua, akasoma majina yote thelathini na moja, akauliza nani yupo wa kuitetea. Grozdana alisimama.

"Mimi nipo kuifuta," alisema. "Nimekula mkate wao. Sasa nile mkate wa mtu halafu nimwandikie barua? Marehemu mama afufuke anipige?"

"Na wengine?"

"Wengine nao wamekula. Wengine wamekula mara mbili, nawajua kwa majina."

Mwenyekiti akamgeukia Vidosava, akamwomba atoe maoni yake kama mtaalamu. Alikuwa amekuja na kurasa tisa. Alizitazama, akazikunja. "Waulizeni wenyewe," alisema. "Wamekaa pale safu ya tatu."

Radoje alisimama akasema wanalipa kodi kwa wakati, mkwiji unahitaji kupunguzwa matawi, na wangependa wasihame kabla ya masika kwa sababu wamekwisha kupanda vitunguu saumu. Akaketi. Mikono iliinuka. Nyumba ikapewa kibali kisicho na mwisho, na mwaka uliofuata mji ukafungua ya pili, kisha ya tatu.

Walipotoka nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanza kudondoka. Vidosava alisimama kwenye ngazi akifunga skafu, akidhani watamngoja, kama walivyomngoja siku zote. Lakini wale sita walikuwa wamekwisha kushika njia ya kushuka Mtaa wa Mizabibu, Grozdana katikati yao, wanabishana kama viazi vichemshwe au vichomwe. Hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma. Aliwatazama hadi walipokata kona, kichwa chake kimeinuka kama cha mama aliyesindikiza mtoto shule akaona anaingia mwenyewe. Kisha akageuka upande wake, akaanza kupanda kilima. Kule juu walibaki watu mia moja na arobaini.